Maskauti, Mandari na Watoto Wetu wa Plymouth

Kila mwaka skuli zifunguliwapo, na majani ya miti ya hapa Minnesota yaanzapo kugeuka rangi, watoto huja nyumbani na karatasi ya maskauti ndani ya mkoba. Karatasi hiyo huzusha maneno. Baba husema kwamba skauti ni mabaki ya jeshi la Mwingereza. Mama huuliza mtoto atalala wapi na atakula nini. Bibi, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye neno la mwisho, husema hakuvuka bahari ili mjukuu wake akalale chini ya mti kwa hiari yake. Nimeulizwa habari hii mara nyingi, nadhani kwa kuwa nilisomesha historia, nami nimeona bora niieleze humu katika kitabu chetu cha mwaka ili jamaa wote waisome kwa utulivu. Jambo lenyewe si jema kama wanavyodhani wanaolisifu, wala si geni kama wanavyodhani wanaolikataa. Ni juu ya huo ugeni hasa ninapotaka kusema.

Mtu aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa mandari ni nini. Masufuria, mikeka na watoto hupakiwa gari moja, watu wakaenda ufuoni au shambani chini ya miembe, wakapika, wakala, wakaoga bahari, wakarudi magharibi. Madrasa nazo zilikuwa na mandari zao, na mwalimu aliyekuwa mkali mwaka mzima siku hiyo alicheka. Lakini katika mandari mtoto ni mgeni. Moto huwashwa na wakubwa, chakula hupakuliwa na mama, na kazi yake yeye ni kucheza na kutopotea. Katika safari ya skauti mambo yamegeuzwa: mtoto ndiye anayefunga hema, ndiye anayetafuta kuni, ndiye anayeunguza wali na kuula hivyo hivyo. Mkubwa hukaa kando akitazama. Fikira hii ya kumwachia mtoto kazi ya mtu mzima ilitoka wapi?

Aliyeianzisha ni Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1857. Alikuwa askari, na ujana wake aliutumia katika vita vya kuitanua dola ya Kiingereza: India, nchi ya Wazulu, Ashanti, na Matabele. Sipendi kumpamba. Mwaka 1896 huko Matabele aliamuru chifu mmoja, jina lake Uwini, apigwe risasi hali amekwisha kamatwa, na wakubwa wake wakafanya uchunguzi wa kijeshi juu ya jambo hilo, ingawa hakuadhibiwa. Sifa yake ilitoka katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Humo wavulana wa Kizungu walitumwa kupeleka barua na habari, naye akaona kwamba mtoto akiaminiwa kazi huifanya. Vitabu vya maskauti husimulia hayo. Visichopenda kusimulia ni kwamba Waafrika waliokuwa ndani ya mji huo huo walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi wao walikufa kwa njaa. Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama pale, aliandika habari za siku zile katika shajara yake, na yeyote anayetaka kuijua Mafeking na aanze kwake.

Mwaka 1907 Baden-Powell alichukua wavulana wapatao 20, wengine wa skuli za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe la tandala alilolipata katika vita vya Matabele. Sisi watu wa pwani twajua thamani ya pembe la kupulizwa. Siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu, iko katika makumbusho ya Lamu hadi leo, na kila mmoja wetu amesikia kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Basi kambi ya kwanza kabisa ya maskauti duniani iliamshwa kwa baragumu la Kiafrika, na jioni watoto walifundishwa kiitikio cha Kizulu kando ya moto. Mwaka uliofuata alikitoa kitabu chake, *Scouting for Boys*. Ilipofika 1919, katika mafunzo ya viongozi pale Gilwell karibu na London, waliofuzu walipewa shanga za mti, zilizonasibishwa na mkufu wa Dinuzulu, mtoto wa mfalme wa Wazulu. Kwa hiyo mtoto wetu anapoona hapa Plymouth kiongozi wake amevaa kamba ya ngozi yenye shanga mbili za mti shingoni, anaona mfano wa kitu cha Kizulu, na pengine kiongozi mwenyewe hajui.

Kufuata nyayo, kusoma majani yaliyokanyagwa, kulala bila kuacha alama, kujua upepo unatoka wapi: mengi katika hayo aliyaona kwa Waafrika aliowapiga vita na kwa wale aliowaajiri wamwongoze. Aliyafunga katika kitabu na kuyarudisha kwetu kama elimu ya Ulaya. Huu ndio ugeni wanaousema watu.

Kurudi kwenyewe hakukukawia. Uskauti huhesabiwa kuwa ulifika Kenya mwaka 1910, Zanzibar 1912 na Uganda 1915. Kwa Kenya mwanzoni ulikuwa wa watoto wa Kizungu. Baadaye wakaingizwa Wahindi na Waafrika, lakini kila watu na kikosi chao, kwa kuwa skuli zenyewe zilitengwa kwa rangi. Afrika ya Kusini walizidi: wavulana weusi walikatazwa hata jina la skauti, wakawekwa katika chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Na tatizo lilikuwa ndani ya kanuni zao wenyewe. Kanuni ya nne ya skauti yasema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Serikali ya kikoloni ilitaka vijana Waafrika wajifunze utii kutoka katika kanuni nyingine, nao vijana wakaisoma ya nne na kuuliza: ikiwa sisi ni ndugu, mbona hatuli pamoja? Wako pia waliojishonea sare na kuanzisha vikosi bila kuandikishwa na mtu, jambo lililowakera sana wakubwa. Mimi naliona ni ushahidi kwamba watu walikuwa wamekwisha kukifanya kitu hicho chao. Hata katika Wamumu, kambi waliyowekwa vijana wa Mau Mau miaka ya 1950, kulikuwa na maskauti.

Baden-Powell mwenyewe aliishia kwetu. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan ya Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa zamani katibu wake. Alikufa humo tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri mkabala wa Mlima Kenya, na majivu ya mkewe Olave yaliletwa hapo mwaka 1977. Juu ya jiwe imechorwa duara yenye nukta katikati, ambayo ni alama ya njiani ya maskauti yenye maana kuwa nimekwenda nyumbani. Watu hutoka pembe zote za dunia kulizuru kaburi hilo. Wengi wetu tuliosoma Kenya tumeliona au tumelipita. Watoto wetu wakilitaja mbele ya wenzao wa Plymouth hutazamwa kwa heshima, maana kwa skauti wa Marekani Nyeri ni kama hadithi.

Baada ya uhuru Kenya iliendelea na maskauti, na mwaka 2010 Nairobi ilipokea mkutano wa dunia wa maskauti vijana. Zanzibar ilikuwa mbali na hayo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maskauti walivunjwa kwa kuwa walionekana ni urithi wa mkoloni, na mahali pao pakachukuliwa na Vijana Wapainia, walioanzishwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Skafu zikarudi shingoni kwa rangi nyingine. Gwaride lilikuwa lile lile, kambi zile zile, ila kiapo kilibadilika. Jamaa zetu wa Unguja waliopitia siku zile wana maneno yao juu ya kambi za vijana, na baadhi yao hawataki kuyasema mbele ya watu. Ndiyo maana mzazi wa Kizanzibari anaposita kumvalisha mtoto wake sare yoyote ile, nasema asichekwe.

Sasa tuje huku tulikofikia. Chama cha maskauti wa Marekani kiliandikishwa tarehe 8 Februari 1910, na tangu 8 Februari 2025 kimechukua jina la Scouting America. Kabla yake, mwaka 1902, mwandishi Ernest Thompson Seton alikuwa amekwisha kuwakusanya wavulana na kuwafundisha maisha ya porini kwa kufuata mtindo wa Wahindi Wekundu, kama tulivyowaita katika vitabu vyetu vya skuli. Siku hizi tuwaite kwa majina yao. Seton alimpelekea Baden-Powell maandishi yake, na baadaye akanung'unika kwamba yametumiwa bila shukrani. Basi ni mambo ya Afrika tena, kwa watu wengine.

Na hapa ndipo Minnesota inapoingia. Mmoja wa waliokijenga chama hiki katika miaka yake ya mwanzo alikuwa Mdakota aliyezaliwa katika jimbo hili mwaka 1858, jina lake Ohiyesa, na kwa Kiingereza Charles Eastman. Mwaka 1862, alipokuwa na miaka minne, vilizuka vita baina ya Wadakota na serikali. Tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Ohiyesa alikimbizwa Kanada na bibi yake na ami yake, na hao ndio waliomlea na kumfundisha: bibi alimfundisha mimea na ndege, na ami alimuuliza kila jioni ameona nini siku hiyo. Baadaye alisoma akawa daktari, na mwaka 1914 aliandika *Indian Scout Talks*, kitabu cha kuwafundisha maskauti wa Marekani yale aliyoyapata kwa bibi na ami. Mwaka uliofuata yeye na mkewe walifungua kambi yao huko New Hampshire, na ikawa ya wasichana. Nawaomba mabibi wa jamaa zetu waisome aya hii mara mbili.

Ardhi ya Plymouth ilitoka mikononi mwa Wadakota kwa mikataba ya mwaka 1851. Ziwa letu Medicine, lenye ekari zipatazo 900, ndipo safari nyingi za kwanza za watoto hufanyika, katika French Park iliyo ukingoni mwake. Huko wadogo hujifunza kukaa ndani ya mtumbwi bila kusimama, kuvaa jaketi la kuelea, na kuutambua mti wa mepo kwa jani lake. Wakikua kidogo huipita njia ya Luce Line, inayoanzia Plymouth na kwenda magharibi maili 63 hadi Cosmos. Zamani ilikuwa njia ya reli, na kwa hiyo haina mlima wa kumchosha mtoto. Wengine hulala Elm Creek kule Maple Grove, au Baker kando ya ziwa Independence. Wakubwa hupelekwa kambi ya Many Point, iliyofunguliwa mwaka 1946 kaskazini karibu na Ponsford, mwendo wa saa nyingi kwa gari, na huko hukaa juma zima. Mzazi apeleke soksi mara mbili ya idadi iliyoandikwa kwenye karatasi.

Safari inayonishughulisha zaidi ni ile ya Fort Snelling. Tangu 2010 maskauti wa eneo hili wana mahali paitwapo Base Camp, katika jengo la zamani la mazoezi ya askari wa farasi. Watoto hupanda kuta, hutembea juu ya kamba, hulenga shabaha kwa mishale, na hulala ndani wakati wa baridi. Hufurahi mno. Lakini ngome hiyo ilijengwa miaka ya 1820 mahali ambapo mto Minnesota unaingia Mississippi, mahali patakatifu kwa Wadakota. Katika miaka ya 1830 Dred Scott na mkewe Harriet walikaa hapo wakiwa watumwa, ingawa sheria ilikataza utumwa katika nchi hii ya kaskazini, na kesi yao ndiyo iliyoamuliwa vibaya na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1857. Na bondeni chini ya ngome, katika baridi ya 1862 kuingia 1863, walizuiliwa Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na mamia yao hawakutoka wazima. Mtoto aliyepanda ukuta asubuhi na ashushwe bondeni alasiri akaelezwa hayo. Mimi huwashusha wale ninaoaminiwa na wazazi wao. Hawaogopi kama tunavyodhani. Huuliza maswali mazuri, na swali la kwanza karibu kila mara ni kama watoto wale walikuwa na makoti.

Kuna michezo pia, na si kila kitu ni historia. Mwezi wa Januari au Februari hufanyika mashindano ya vigari vya mti, yaliyoanza California mwaka 1953: kila mtoto hupewa kipande cha msonobari, misumari na magurudumu manne, achonge gari lake. Wazee wetu waliotengeneza vigari vya bati vyenye magurudumu ya ndala kuukuu hutoa ushauri mwingi katika usiku wa kuamkia mashindano, na baadhi ya baba humnyang'anya mtoto kisu kabisa. Kuna siku ya kukusanya vyakula milangoni kwa ajili ya maskini, ambayo mzee yeyote aliyefundishwa sadaka haoni ugeni wake. Na kwa Waislamu kuna beji za dini, mojawapo huitwa Bismillah, ambayo mtoto huipata kwa kusoma nguzo na kuzieleza kwa kinywa chake. Mwalimu wa madrasa aweza kuisimamia.

Chakula si taabu kubwa ikiwa kiongozi ameelezwa mapema. Zile tamutamu nyeupe laini za kuchomwa motoni, marshmallow, mara nyingi hutiwa jelatini ya nguruwe, lakini za halali huuzwa, na mtoto mmoja akizileta kikosi chote hula hizo. Baridi ndiyo ya kuogopwa, na zaidi yake barafu. Idara ya Maliasili ya Minnesota yasema mtu asitembee juu ya barafu isiyofika unene wa inchi 4, tena ipimwe mahali pengi, kwa kuwa ziwa moja laweza kuwa na inchi 8 hapa na 2 pale. Sisi tuliokulia baharini twajua maji ya kupwa na kujaa. Maji yanayogeuka sakafu hatuyajui, na afadhali tufundishwe na watoto.

Limebaki jambo zito. Mwezi Februari 2020 chama cha maskauti wa Marekani kilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, kwa sababu ya watu waliodai kwamba walipokuwa watoto walinajisiwa na viongozi wao. Madai yalizidi 82,000. Mpango wa fidia wa dola bilioni 2.46 ulianza kutekelezwa mwaka 2023. Mzazi anayeuliza juu ya hili hana shaka ya kishamba, ana haki. Kanuni ya sasa ni kwamba katika kila shughuli wawepo watu wazima wawili walioandikishwa, wenye miaka 21 au zaidi, waliochunguzwa na kusomea ulinzi wa watoto, na mkubwa mmoja asikae faraghani na mtoto mmoja. Kanuni ni karatasi. Hulindwa na macho, na macho bora ni ya mzazi aliyepo kambini.

Kwa wasichana nasema hivi. Skuli za wasichana za Unguja zilikuwa na Girl Guides zamani za ukoloni, na wazee wa wakati ule walibishana yale yale tunayobishana sisi: sare, macho ya watu, kulala nje. Hapa Minneapolis kulikuwa na vikundi vya Girl Scouts vya wasichana wa Kiislamu, wenye hijabu zao na beji zao, hata New York Times liliwaandika mwaka 2007. Nao maskauti wa kawaida waliwafungulia wasichana wadogo mwaka 2018 na wakubwa mwaka 2019. Mabinti zetu watatu, wanne, wameomba kwenda kambi ya baridi mwaka huu. Kanuni yasema kikosi chenye wasichana hakiwezi kwenda safari bila mwanamke mzima aliyeandikishwa kuwapo. Wanaume wa jamaa zetu wamekwisha kujiandikisha. Wanawake bado.